Skhab isiyopasuka: mwongozo kamili wa kutengeneza kidani cha manukato cha bibi harusi wa Tunisia na Algeria

Wanaojaribu kutengeneza skhab nyumbani huishia karibu wote kwenye mojawapo ya mambo matatu. Shanga hupasuka kabla hazijakauka. Au huota ukungu wiki ya pili. Au hukauka vizuri, zikatungwa, zikavaliwa, halafu zikaacha doa la kahawia kifuani mwa nguo ya harusi. Swali linalofuata huwa lilelile: ni manukato gani yamekosekana?

Manukato hayana kosa. Skhab huharibikia kwenye chekeche, kwenye kipimo cha maji na kwenye haraka ya kukausha. Ndiyo maana hatua hizo tatu zimepewa nafasi kubwa hapa kuliko orodha ya viungo.

Kwa asiyeijua: skhab ni kidani cha shanga za viungo vilivyosagwa na kukandwa kwa marashi, rangi ya kahawia iliyokolea, zikatungwa pamoja na fedha, dhahabu au marijani. Mabibi harusi wa Tunis, na wa Constantine na Annaba kule Algeria, huivaa juu ya nguo, ikining'inia kifuani. Kule Kabylia, nchi ya milima kaskazini mwa Algeria, ambako kidani huitwa azrar, shanga kama hizi huchanganywa na marijani na karafuu nzima. Umbo linalotambulika zaidi ni piramidi ndogo.

## Vitu vinavyohitajika

Vipimo hivi hutoa shanga 150 hivi: 120 za kidani cha nyuzi mbili, na 30 za akiba. Akiba si anasa, maana lazima nyingine zitavunjika. Uzito uliotajwa ni wa unga uliokwisha kuchekechwa, kwa hiyo nunua zaidi, karibu mara moja na nusu.

- Karafuu: gramu 30
- Mahlabu: gramu 30
- Mawaridi makavu: gramu 15
- Sandali: gramu 10
- Kungumanga: gramu 3, yaani nusu kokwa
- Jawi, utomvu wa kufukiza: gramu 3
- Zafarani: robo gramu
- Gundi ya mgunga, ile ngumu yenye rangi ya asali: gramu 8
- Mafuta ya miski yasiyo na spiriti: mililita 2
- Marashi mawaridi: mililita 100 (utatumia 60 hadi 65, mengine ni ya kulowesha mikono)

Vifaa: kinu kidogo na mchi, au mashine ya kusagia viungo; chekeche la unga laini; kipande cha shifoni au hariri nyepesi; bakuli la kauri au la kioo; mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu; vijiti vya mishikaki vya mwanzi; ungo; kitambaa cha pamba kisichotoa manyoya.

Bakuli la plastiki liache. Mafuta ya karafuu hulainisha aina kadhaa za plastiki, na harufu ikishaingia humo haitoki tena.

### Maneno machache kuhusu kununua

Karafuu. Msomaji wa pwani hapa ana bahati, karafuu nzuri ya Unguja na Pemba iko karibu. Tazama makonyo, kwa kuwa karafuu ya bei rahisi mara nyingi imechanganywa nayo, na makonyo yana mafuta machache na nyuzi nyingi. Bonyeza karafuu kwa ukucha: mafuta yakitokeza, ni nzuri. Au zitie kwenye glasi ya maji. Iliyojaa mafuta huzama, au husimama wima kichwa kikiwa juu. Iliyokwisha kukamuliwa hulala juu ya maji.

Mahlabu. Ni kiini cha kokwa ya cheri ndogo ya mwitu, punje ya rangi ya maziwa iliyoungua kidogo. Bila hiyo utapata shanga za karafuu, si skhab, kwa sababu harufu yake ya lozi na cheri ndiyo inayoutuliza ukali wa karafuu. Tunis hupatikana Souk El Attarine, soko la wauza manukato. Kwa Afrika Mashariki, ulizia kwa wauza viungo wanaohudumia Wasudani na Waomani, au umwagize ndugu aliye Maskati. Nunua punje nzima. Iliyosagwa zamani huchacha na kunuka mafuta mabovu, na uchachu huo hautoki kwa dawa yoyote. Ukikosa kabisa, usitie lozi chungu mahali pake, maana zina sumu. Ongeza sandali iwe gramu 25, na mawaridi gramu 30. Kitakuwa kitu kingine, lakini kizuri.

Marashi mawaridi. Yawe ya kukenekwa, maji na mawaridi tu. Yenye gliserini au sukari huvuta unyevu, na shanga hazitakauka kamwe. Constantine, na Nabeul ya Tunisia, hukenekwa pia maji ya maua ya mchungwa mchungu, yaitwayo zhar. Yanafaa vilevile, na waweza kuchanganya nusu kwa nusu.

Vitu visivyotakiwa. Aliyezoea kupika udi, mkono utamtuma kwenye sukari. Asiitie. Sukari na asali hunyonya unyevu wa hewa na kuita sisimizi. Unga wa ngano hulisha ukungu. Gundi nyeupe ya maseremala hushika vizuri sana, ila hufunga harufu ndani na kuacha ushanga usionuka kitu. Manjano yasiingie hata chembe, kwa kuwa hayo ndiyo chanzo kikubwa cha madoa ya njano kwenye hariri.

## Anza lini

Hesabu wiki tano kurudi nyuma kutoka siku ya harusi. Kazi ya mikono ni siku nne tu, lakini kukauka huchukua siku 10 hadi 21, na shanga zinahitaji wiki nzima ya kutulia. Anayeanza siku kumi kabla ndiye anayekimbilia jua na oveni, na hapo hapo kazi huharibika.

## Hatua ya 1: Gandisha malighafi

Tia mawaridi, kungumanga na mahlabu kwenye mfuko uliofungwa vizuri, uviweke ndani ya friza siku tatu. Viungo vikavu mara nyingi hubeba mayai ya vidudu yasiyoonekana, na ushanga wenye matundu madogo miezi sita baadaye ulianzia hapa.

Ukivitoa, acha mfuko umefungwa mpaka upoteze ubaridi. Ukiufungua mapema, umande utaingia kwenye mawaridi, nayo hayatasagika.

Jawi nalo litie ndani ya friza, likae humo mpaka dakika ya kulisaga. Likiwa na joto hunata kwenye kinu kama ubani uliotafunwa.

## Hatua ya 2: Saga kila kitu peke yake

Usisage vyote pamoja. Karafuu ina mafuta, mawaridi ni mepesi, sandali ni ukuni. Kimoja kitakuwa vumbi wakati kingine bado ni chembe.

Kwa mashine, saga kwa sekunde 10, pumzisha sekunde 30, rudia. Chombo kikipata joto mkononi, simama, kwa sababu harufu unayoisikia ikijaa chumba ni ile inayotoroka kwenye ushanga.

Mahlabu ndiyo yenye matatizo. Ikisagwa peke yake hutoa mafuta na kuwa uji mzito kama siagi ya karanga. Isage pamoja na nusu ya mawaridi yako, nayo yatayanywa mafuta hayo.

Sandali nunua iliyokwisha kusagwa. Kuitwanga mwenyewe ni adhabu.

Dalili njema: ukisugua unga kati ya vidole viwili husikii mchanga.

Tahadhari: vumbi la karafuu huwasha macho na kifua. Jifunge kitambaa puani, na watoto wakae mbali.

## Hatua ya 3: Chekecha mara mbili

Hapa ndipo skhab inapopatikana au kupotea.

Kwanza pitisha unga wote kwenye chekeche la kawaida. Kisha funika mdomo wa bakuli kwa shifoni, uifunge kwa raba, mimina unga kijiko kimoja kimoja, upapase kwa kidole. Kinachopita ndicho cha kazi. Kinachobaki juu kirudi kwenye kinu, kisagwe tena, kipite tena. Baada ya mara tatu, kilichogoma ni nyuzi. Hizo zifukize, usizilazimishe.

Sababu ni hii. Chembe kubwa hunywa maji zaidi kuliko unga unaoizunguka, huvimba, na wakati wa kukauka husinyaa kwa kadiri yake. Unga wa pembeni husinyaa kwa kadiri nyingine, na kati ya viwili hivyo hufunguka ufa. Ukichunguza ushanga uliopasuka, mara nyingi utaona ufa umeanzia kwenye kipande cha kichwa cha karafuu au uzi wa waridi. Chembe hizo hizo ndizo zinazochomoza usoni na kukwaruza nguo.

Kazi hii huchukua saa mbili hadi tatu kwa kipimo hiki. Haina njia ya mkato.

Sasa ndipo upime uzito kwa mizani, uchanganye unga wote kwenye bakuli, na uupitishe kwenye chekeche la kawaida mara moja ya mwisho ili rangi iwe moja.

## Hatua ya 4: Loweka gundi na zafarani

Hii ifanye usiku wa kuamkia siku ya kukanda.

Ponda gundi gramu 8 iwe chembe ndogo, uimwagie mililita 30 za marashi mawaridi, ufunike. Asubuhi koroga, uichuje kwa kitambaa kuondoa maganda na mchanga. Itakuwa nzito kama shira nyepesi.

Kwenye kikombe kingine, ponda zafarani, uimwagie mililita 15 za marashi yaliyopashwa moto kidogo, yasichemke. Iache ilale pia.

Usiongeze gundi kwa kudhani ushanga utakuwa imara zaidi. Ikizidi gramu 10 kwa kipimo hiki, sehemu ya juu hukauka kama kioo huku ndani bado mbichi. Hapo juu patapasuka, na ndani patashika ukungu.

## Hatua ya 5: Kanda

Mimina maji ya gundi yote kwenye unga, kisha ya zafarani. Changanya kwa kijiko cha mbao mpaka upate makombo yenye unyevu. Ukiyatazama utaona ni makavu mno. Usiogope, usimwage maji.

Anza kukanda kwa mkono. Ngozi yako ikiwa nyepesi kuwashwa, vaa glavu nyembamba, kwa kuwa yujenoli, kiini kikali cha mafuta ya karafuu, huchoma ngozi ikikaa muda mrefu. Ongeza marashi kwa kijiko cha chai, kimoja kila dakika mbili. Vijiko vitatu hadi vinne kwa kawaida vinatosha.

Mafuta ya miski yaingie mwisho kabisa, donge likishashikana. Ukiyatia mwanzo, hufunika unga na gundi haiushiki. Shanga za namna hiyo hufikichika kama biskuti.

Kanda dakika 20 kamili kwa saa.

Jaribio: chukua kipande kidogo cha donge, viringa, bonyeza kwa kidole gumba. Kingo zikipasuka, ongeza matone kadhaa ya marashi. Likinata kidoleni, liache wazi nusu saa, ukande tena. Likibonyea bila kupasuka na kidole kikatoka safi, umefika.

### Kahawia au nyeusi?

Ukitaka shanga nyeusi tititi, usitie rangi. Tandaza donge kwenye kikaango kizito cha chuma, si cha pua wala alumini, lilale humo usiku wa hatua inayofuata. Tanini ya karafuu na mawaridi ikikutana na chuma huwa nyeusi. Ukitaka kahawia, epuka chuma tangu mwanzo, hata kwenye kinu. Kwa nguo nyeupe tunapendekeza kahawia, kwa vile nyeusi ya chuma ikigusa kitambaa chenye jasho haitoki.

## Hatua ya 6: Laza donge

Lifunge kwa kitambaa chenye unyevu, ndani ya bakuli lililofunikwa, saa 12, mahali pa baridi.

Mawaridi na sandali hunywa maji polepole. Donge lililoonekana sawa jioni litakuwa gumu zaidi asubuhi, na hapo ndipo unaujua ukweli wake. Likanda tena dakika tano, uongeze marashi kidogo likihitaji. Anayeruka hatua hii hufinyanga shanga ambazo zinaendelea kunywa maji yake zenyewe, nazo hupasuka kesho yake bila sababu inayoonekana.

## Hatua ya 7: Kata na ufinyange

Shanga zisizolingana haziwezi kukauka pamoja, kwa hiyo pima.

Viringa donge kuwa mikanda yenye unene wa milimita 12. Kata kila milimita 8. Kila kipande kitakuwa na gramu 1 hivi; pima vitano vya kwanza kwenye mizani ili mkono uzoee. Vipande vinavyosubiri vifunike kwa kitambaa chenye unyevu.

Viringa kipande kiwe gololi isiyo na mstari hata mmoja. Mstari uliobaki ni ufa wa kesho. Kisha kiweke mezani, ukibane kwa kidole gumba, cha shahada na cha kati kwa pamoja, huku ukivuta juu kidogo. Kitasimama kama piramidi ya pande tatu. Lainisha kingo kwa kidole kilichoguswa marashi.

Ncha isiwe kali. Ncha kali huvunjika, na isipovunjika hung'ang'ania lesi ya nguo.

Kwa anayeona piramidi inamshinda, gololi ya mviringo ni halali kabisa na hukauka kwa urahisi zaidi. Anza nayo.

## Hatua ya 8: Toboa kwa wakati wake

Ukitoboa mara tu baada ya kufinyanga, umbo linapondeka. Ukisubiri kesho, ushanga unagawanyika vipande viwili. Muda wake ni saa mbili hadi nne baada ya kufinyanga: uso haunati tena, lakini ukucha bado unaacha alama.

Tumia kijiti cha mishikaki chenye unene wa milimita 2.5. Shika ushanga kiganjani, ingiza ncha kwa kuizungusha huku na huku bila kusukuma, katika theluthi ya chini ya piramidi. Ncha ikianza kuchungulia upande wa pili, toa kijiti, uingize kutoka upande huo. Ukipitiliza moja kwa moja, upande wa kutokea hufumuka kama ua.

Tundu litapungua hadi milimita 2 hivi likikauka. Hilo ndilo tunalolitaka kwa uzi tutakaoutumia.

Usiache shanga zikaukie kwenye kijiti. Ushanga husinyaa, kijiti hakisinyai.

## Hatua ya 9: Kausha polepole

Tandika kitambaa cha pamba juu ya ungo, panga shanga zisigusane, funika kwa shifoni. Weka ungo juu ya matofali mawili ili hewa ipite chini. Kivulini, ndani ya nyumba.

Siku mbili za kwanza hakuna feni wala dirisha lenye upepo wa moja kwa moja. Geuza shanga asubuhi na jioni. Kuanzia siku ya tatu ruhusu upepo. Kuanzia siku ya tano waweza kuwasha feni mbali kidogo.

Jua hukausha ngozi ya ushanga kabla ya moyo wake. Oveni hufanya hivyo hivyo na zaidi, maana hutoa mafuta ya mahlabu juu na kuacha shanga zinang'aa kama maandazi.

Katika nyanda kavu, siku 10 hutosha. Pwani, hesabu wiki tatu. Masika yakiwa yamekolea Mombasa au Unguja, usianze kazi hii kabisa bila chumba chenye kiyoyozi. Ukiona utando mweupe wa manyoya kwenye ushanga mmoja, utupe, kausha kitambaa kingine, ubadilishe, na uzisogeze zilizobaki zipeane nafasi zaidi. Karafuu hupunguza ukungu, haiuzuii.

Dalili njema, tatu kwa pamoja:

- Ukizitikisa mkononi zinalia kama kunde kavu.
- Shanga kumi zilizopimwa leo na kesho kutwa zina uzito uleule. Gramu 10 za mwanzo zitakuwa zimebaki 6 hadi 6.5.
- Ukivunja moja (ndiyo, vunja moja), rangi ni ile ile kutoka juu hadi moyoni. Ukiona duara la rangi iliyokolea katikati, bado.

Zikipasuka nyingi usizitupe. Zisage, pitisha kwenye shifoni, kanda kwa marashi matupu bila kuongeza gundi, urudi hatua ya 6. Harufu itapungua kidogo tu.

## Hatua ya 10: Sugua, kisha zitulie

Madoa ya nguo hutokana na vumbi lililobaki usoni mwa ushanga. Sugua kila ushanga kwa kitambaa kikavu cha pamba, kisha kwa brashi laini ya meno, pamoja na mdomo wa tundu. Endelea mpaka kitambaa cheupe kisichukue rangi. Shanga 120 ni kazi ya jioni nzima, na huenda vizuri kukiwa na watu watatu na chai.

Usipake vanishi wala rangi ya kucha. Utapata ushanga safi usio na harufu.

Baada ya hapo zifunge kwa kitambaa, uzitie kwenye mkebe wa bati au chupa ya kioo, uzifunike siku saba. Siku ya kwanza utasikia karafuu peke yake, kali hadi puani. Kufikia siku ya saba mahlabu na miski vitakuwa vimejitokeza. Usihukumu harufu kabla ya hapo.

## Hatua ya 11: Tunga

Utahitaji uzi uliotiwa nta wa unene wa milimita 0.8 (wa pamba au ule wa fundi viatu), utakaokunjwa mara mbili. Pia shanga 22 za fedha zenye milimita 6, na kitone cha katikati. Tunisia mara nyingi huwa khamsa, yaani kiganja, au samaki.

Badala ya fedha, au pamoja nayo, waweza kutumia marijani nyekundu, ile tunayoiita fedhaluka. Ya Kaskazini mwa Afrika hutoka bahari ya Tabarka (Tunisia) na El Kala (Algeria). Ni ghali, na inauzwa bandia nyingi za kioo na za plastiki. Kioo kinafaa bila aibu yoyote. Plastiki isiguse shanga hizi.

Uzi wa ndani: shanga 55, urefu sentimita 75 hivi. Uzi wa nje: shanga 65, sentimita 90 hivi. Kwa uzi wa nje kata mita 2.5, kwa wa ndani mita 2.1. Mwanzo huonekana ni mwingi, lakini mafundo huula.

1. Kunja uzi mara mbili, acha sentimita 15 za mwanzo, piga fundo.
2. Tunga shanga tano, kitako kikitazama upande mmoja wote.
3. Piga fundo karibu kabisa na ushanga wa tano, ukiliongoza kwa sindano ili lisiishie mbali.
4. Tia fedha moja, kisha shanga tano, fundo, na kuendelea. Uzi wa nje ukifika katikati, ning'iniza kitone.
5. Maliza kwa shanga tano na fundo mara mbili.

Mafundo yana kazi mbili. Uzi ukikatika, unapoteza shanga tano na si kidani kizima katikati ya ngoma. Tena yanazuia shanga kusagana, maana kusagana ndiko kunakorudisha lile vumbi ulilolisugua.

Uzi ukikwama tunduni usiulazimishe. Panua kwa kijiti kilichozungushiwa msasa laini, upulize vumbi. Kingo za tundu zikiwa kali zitaukata uzi kabla ya fungate kwisha.

Nyuma ya shingo, unganisha nyuzi zote mbili kwenye utepe wa hariri au mnyororo mfupi, ili shanga zisilale kwenye ngozi yenye jasho.

### Ukipenda mtindo wa Kabylia

Chagua karafuu nzima zenye vichwa, ziloweke kwenye marashi usiku mmoja, uzitoboe kwa sindano ya kushonea katikati ya shina zikiwa bado laini. Zikaushe siku tatu. Tia karafuu tatu kila baada ya ushanga, na marijani mahali pa fedha. Hapa uzi uwe mwembamba, milimita 0.4.

## Siku ya kuvaa

Jaribu ushanga mmoja saa 24 kabla: ufunge kwa plasta upande wa ndani wa mkono. Ngozi ikiwa nyekundu au ikiwasha, kidani kivaliwe juu ya nguo nene tu, au kisivaliwe. Hata pasipo mwasho, skhab huvaliwa juu ya nguo, si kifuani wazi.

Marashi ya kujipulizia yatangulie, yakauke, kidani kifuate. Spiriti hulainisha uso wa ushanga na kufifisha marijani.

Kama bibi harusi atapakwa hina au liwa siku hiyo, kidani kisubiri mpaka mikono iwe imekauka. Na asikumbatiwe na watoto wadogo bila mtu kuangalia, kwa kuwa ushanga unanukia kama kitu cha kuliwa na wao huupeleka mdomoni.

## Matunzo

Kihifadhi kwenye kitambaa cha pamba ndani ya mkebe wa bati, kikiwa kimelala, hakijaning'inizwa. Maji yasikiguse. Fedha ikiwa nyeusi, ifute kwa kitambaa kikavu cha kung'arishia. Kuizamisha kwenye dawa kutayeyusha shanga za jirani.

Harufu ikififia baada ya mwaka au miwili, kitandaze juu ya tenga la kufukizia, udi kidogo chini yake, dakika kumi, moshi wa baridi usio na mwali. Kisha dondoshea tone moja la mafuta ya miski kwenye kitambaa cha kufungia, si kwenye shanga, ukifunge mkebeni wiki moja.

Ushanga ukivunjika, chukua kwenye zile 30 za akiba, ambazo zimekuwa zikikaa kwenye mkebe huo huo ili rangi na harufu zizeeke pamoja. Fungua fundo la kundi hilo la tano tu, unga uzi mpya kwa fundo ndani ya tundu la fedha, mahali pasipoonekana.